Wajenzi Wageni wa Lugha ya Kiarabu

Mhadhara wa umma uliotolewa kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Kiarabu



Tarehe 18 Desemba ya mwaka 1973 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 3190, ambalo kwalo Kiarabu kilitiwa katika safu ya lugha rasmi za baraza hilo pamoja na Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi; na kwa kuwa UNESCO, tangu mwaka 2012, huiadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya kukitukuza Kiarabu ulimwenguni, ndiyo sababu tumekusanyika leo. Katika siku kama hii desturi ni msemaji kupanda mimbari, akaisifu lugha kwa fasaha yake, kwa wingi wa maneno yake, na kwa yale majina mengi ya simba, ngamia na upanga yaliyomo ndani yake, kisha akashuka. Sina ugomvi na sifa hizo, ingawa yale majina ya simba, mtu akiyachungua, aghalabu ni wasifu tu wa simba uliogeuzwa majina na washairi waliokuwa wakitafuta kina. Wala sitawachosha kwa mjadala wa maneno mangapi ya Kiswahili yametoka Uarabuni, mjadala ambao umekwisha kula karatasi nyingi katika nchi zetu na ambao, kwa maoni yangu, haumwongezei mtu elimu ya Kiarabu wala ya Kiswahili. Ninalotaka kulinena ni jingine, nalo ni hili: ya kuwa fahari kubwa ya Kiarabu katika tarehe yake ni namna kilivyopimwa, kikawekewa kanuni, kikaandikiwa makamusi na kubebeshwa elimu za dunia, na watu ambao wengi wao hawakukinyonya kwa mama zao.

Mwaka 328 wa Miladi, katika jangwa la Shamu, mahali paitwapo Namara, alizikwa mfalme aliyejulikana kwa jina la Imrul-Qays bin Amr, na kaburini pake likawekwa jiwe la maandishi ambalo leo limo katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris. Lugha ya jiwe hilo ni Kiarabu, lakini herufi zake ni za Wanabati, watu wa biashara waliokuwa na mji wao Petra, ambao katika kuandika kwao walitumia Kiarami. Kwa hiyo tangu siku zake za mwanzo katika maandishi, Kiarabu kilivaa kanzu ya kuazima, na kanzu hiyo haikukikaa sawa. Herufi za Wanabati, kwa kadiri zilivyozidi kuandikwa kwa haraka na kuungwa pamoja, zilikaribiana sura hata zikafanana kabisa, ikawa ba na ta na tha na nuni na ya, zikiwa katikati ya neno, zote ni jino moja tu lisilo na alama, na msomaji hana budi kujua kwanza kilichoandikwa ndipo aweze kukisoma. Kwa makabila yaliyohifadhi mashairi yake vifuani hilo halikuwa dhara kubwa, kwani hati kwao ilikuwa kikumbusho, na elimu yenyewe ilikaa katika ulimi na sikio.

Walimu wetu wa vyuoni wamezoea kusimulia kwamba nukta za herufi zilibuniwa katika zama za al-Hajjaj, liwali wa Iraki, na wapokezi wengi wa zamani ndivyo walivyoandika. Walakini ipo hati ya mafunjo iliyopatikana Misri na kuhifadhiwa Vienna, yenye tarehe ya mwaka 22 wa Hijra, yaani 643 wa Miladi, ambayo baadhi ya herufi zake tayari zina nukta. Hati yenyewe ni stakabadhi. Kamanda mmoja wa jeshi la Waislamu anakiri kuwa yeye na wenziwe wamepokea kondoo 65 kwa ajili ya askari wao, na maneno hayo yameandikwa kwa Kiyunani na kwa Kiarabu katika ukurasa mmoja, na waandishi wawili tofauti, kila mmoja kwa lugha yake. Napenda sana hati hii, na mara kwa mara huwaonyesha wanafunzi wangu picha yake, kwa kuwa huwaondolea dhana ya kwamba lugha hushuka duniani ikiwa imekamilika. Hapo tunakiona Kiarabu, miaka michache tu baada ya kufariki Mtume, kimekwisha keti dawatini na Kiyunani, kikijifunza kazi ya kuandika hesabu za dola.

Kazi hiyo kilijifunza upesi. Kwa takriban miaka 60 diwani za ushuru ziliendelea kuandikwa kwa Kiyunani katika Shamu na Misri, na kwa Kiajemi katika Iraki, na mabwana wa diwani ya Dameski walikuwa ukoo wa Wakristo, kina Sarjun bin Mansur. Hata alipokuja Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, aliyetawala kuanzia 685 hadi 705, akaamuru zianze kuhamishiwa Kiarabu, na mnamo mwaka 77 wa Hijra akapiga dinari ya dhahabu isiyo na sura ya mfalme wala ya mnyama, ila maandishi matupu pande zote mbili. Amri hiyo ilikuwa na tokeo ambalo sidhani Khalifa mwenyewe alilikusudia. Makarani wa Kiajemi na wa Kishamu, ambao riziki yao ilikuwa kalamu, walilazimika kukijua Kiarabu au kukosa kazi, na mtu anayejifunza lugha kwa ajili ya riziki huuliza maswali ambayo aliyezaliwa nayo hayajapata kumpitikia: kwa nini huku mwisho wa neno ni u na kule ni a?

Swali hilo la mwisho wa neno ndilo lililozaa elimu ya nahau. Kiarabu cha mabedui kilibadili irabu ya mwisho ya jina kwa kufuata kazi yake katika kauli, akiwa mtenda au mtendwa au mwenye kutegemezwa kwa kihusishi, na walioingia Uislamu kutoka mataifa mengine hawakuweza kulidaka jambo hilo kwa sikio tu. Katika Qurani kosa la irabu moja laweza kuigeuza maana ya aya kuwa kufuru, na wapokezi wanasema kisa cha namna hiyo ndicho kilichomshtua Abul-Aswad ad-Duali wa Basra, aliyefariki mwaka 69 wa Hijra, akaketi na karani akamwamuru atie nukta za wino wa rangi nyingine: juu ya herufi anapofumbua kinywa, chini yake anapokishusha, na mbele yake anapoikusanya midomo. Tazameni kwamba kipimo chake kilikuwa umbo la kinywa, jambo ambalo mtu wa kabila lolote aweza kulitazama na kuliiga.

Sasa nataka kukaa Basra kwa kitambo, maana ndiko mambo yalikotengenezeka. Mji ule ulianzishwa kuwa kambi ya jeshi katika ukhalifa wa Umar, karibu na kichwa cha Ghuba ya Uajemi, na haukuchukua muda ukawa bandari ya Wahindi, Waajemi, watu wa Sindi, na watu wa nchi ya Zanji, ambao katika vinamasi vyake walifanyishwa kazi ngumu ya kuondoa chumvi ardhini, hata mwaka 869 palipotokea uasi mkubwa uliotikisa dola ya Bani Abbasi kwa miaka 14, wao walikuwa miongoni mwa walioupigana. Ng'ambo moja ya mji ilikuwa bandari, na ng'ambo ya pili, upande wa jangwa, ilikuwa soko la Mirbad, ambako mabedui walileta ngamia wao na washairi walikuja kutukanana kwa vina mbele ya hadhara. Mwanafunzi wa Basra aliweza asubuhi kusikiliza Kiarabu cha jangwani kisichoguswa na mgeni, na jioni akasikia Kiarabu cha gatini kilichovunjwa na lugha za bahari nzima. Sijui mahali bora kuliko hapo pa kumfunza mtu kwamba lugha ina kanuni, kwa kuwa kanuni haionekani mpaka ivunjwe.

Hapo ndipo aliposomesha al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye alikuwa Mwarabu wa kabila la Azd, kutoka Omani, na ambaye kwa jinsi hiyo anatufaa sisi watu wa pwani kumjua zaidi kuliko tunavyomjua. Aliishi katika karne ya 8 ya Miladi, na husimuliwa kuwa nyumba yake ilikuwa kibanda cha matete, ilhali wanafunzi wake walikuwa wakila mali nyingi kwa elimu waliyoipata kwake. Mambo matatu yake yangetosha kila moja kumpa mtu jina. La kwanza ni alama za irabu tunazozitumia hadi leo, wau ndogo kwa dhuma, alifu iliyolazwa kwa fataha na kisehemu cha ya kwa kasra, zilizochukua mahali pa nukta za Abul-Aswad. La pili ni elimu ya arudhi: alizisikiliza beti za Waarabu, akazipima kwa mafungu ya herufi zenye irabu na zisizo na irabu, akazipanga katika bahari 15 zilizowekwa ndani ya duara tano, na mwanafunzi mmoja wa baadaye akaongeza bahari ya 16. Washairi wetu wa Kiswahili, ambao kipimo chao ni kuhesabu silabi, walizichukua istilahi zake wakaiacha hesabu yake, na nadhani walifanya vyema, kwa kuwa silabi zetu hazina urefu na ufupi wa kupimia.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni Kitabu cha al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu iliyokusudia kuikusanya lugha nzima. Al-Khalil hakwenda sokoni kuokota maneno moja moja, bali alijiuliza ni maneno mangapi yangewezekana kuwako. Akachukua herufi, akazipanga kwa mahali zinakotoka kinywani, kuanzia kooni hadi midomoni, na ndiyo maana kitabu kikaanza na ayni. Kisha akasema kwamba herufi tatu zaweza kupinduliwa kwa njia sita, herufi nne kwa njia 24, na tano kwa njia 120, na kwa kila mpinduo akauliza: je, Waarabu wamelitumia hili au wameliacha? Yaliyotumika aliyafasiri, na yaliyoachwa akasema yameachwa. Fikirini, hadhirina, ujasiri wa mtu huyo katika karne ya 8, aliyetaka kuizungushia lugha ukuta wa hesabu kabla hajaingia kuitazama. Kitabu chenyewe hakukimaliza kwa mkono wake, na wapokezi wengi wasema kilikamilishwa na mwanafunzi wake al-Layth, huko Khurasani. Na juu ya kifo chake husimuliwa kuwa aliingia msikitini akiwa amezama katika kutafuta njia ya hesabu ambayo kwayo hata kijakazi aliyetumwa dukani asingeweza kupunjwa na mwenye duka, akajigonga na nguzo, akaanguka. Sitaki kuapa kwamba ndivyo alivyokufa. Lakini waliomsimulia hivyo walimjua tabia.

Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Mwajemi. Jina lake Abu Bishr Amr bin Uthman, lakini ulimwengu wamjua kwa jina la Kiajemi la Sibawayhi, na alizaliwa al-Bayda, karibu na Shiraz. Alikuja Basra kijana, naye hakuja kwa ajili ya nahau hata kidogo, bali kusoma hadithi za Mtume; siku moja darasani, husimuliwa, aliisoma hadithi akatia irabu isiyokuwa yake, na mwalimu wake Hammad bin Salama akamsahihisha mbele ya wenziwe, naye akaapa kuitafuta elimu ambayo baada yake hapana atakayemkosoa tena. Akamwendea al-Khalil. Kitabu alichokiandika hakukipa jina, wala hakukiwekea dibaji, na yamkini alikufa kabla ya kukitoa. Waliokipokea wakakiita tu al-Kitab, kana kwamba katika fani ile kingine hakimo, na ndani yake al-Khalil ametajwa zaidi ya mara 500. Anayekifungua leo huona kwamba mwandishi wake hakuandika sheria za kuamrisha, bali alikuwa akisikiliza: hivi husema Waarabu, na hivi hawasemi, na hivi husema baadhi yao nacho ni kidogo, na hivi ni kibaya lakini kimesikika. Ni mizani ya mtu aliyekuwa hana budi kujifunza kila kipimo kwa jitihada, na kwa hiyo hakukidharau hata kimoja.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni, na ni kisa ambacho kila mwanafunzi wa nahau amekisikia. Alikwenda Baghdad, na waziri Yahya al-Barmaki akamkutanisha barazani na al-Kisai, bingwa wa madhehebu ya Kufa na mwalimu wa wana wa Harun ar-Rashid, wajadiliane. Al-Kisai akamletea suala la nge na nyigu: mtu aliyedhani kuwa nge huuma zaidi ya nyigu, kisha akaona kuwa huyu ni sawa na yule, je, kiwakilishi cha mwisho katika kauli yake kiwe katika umbo la mtenda peke yake, au lajuzu pia la mtendwa? Sibawayhi akashikilia la kwanza. Wakaitwa mabedui waliokuwa mlangoni, nao wakamuunga mkono al-Kisai. Watu wa Basra hadi leo wasema walihongwa au waliogopa, kwa kuwa walijua ni nani aliye karibu na ukhalifa. Sibawayhi akapewa dirhamu zake za njiani, akarudi Uajemi, akafa angali kijana. Wanahau wengi wa baadaye walihukumu kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye haki, nami niko pamoja nao. Lakini kinachonivutia zaidi ni waliokuwamo barazani mle: Sibawayhi ni Mwajemi, al-Kisai asili yake Uajemi, na huyo waziri mwenye baraza ni mtu wa ukoo wa Balkh, ambao wazee wao walikuwa walinzi wa hekalu la Mabuda. Watu hao watatu walikuwa wakigombana juu ya neno moja la Kiarabu, na Waarabu wenyewe wakaitwa kutoka nje kuwa mashahidi.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliliona jambo hili akashangaa nalo, akasema kuwa wengi wa wenye elimu katika Uislamu ni Waajam, yaani wasio Waarabu, hata katika elimu ya lugha yenyewe, na sababu yake akaitaja kuwa elimu ni sanaa, na sanaa ni za watu wa mijini, na Waarabu wa mwanzo walikuwa watu wa jangwani, kisha wakashughulishwa na utawala. Ni sababu ya kweli, lakini naona haitoshi. Watu wa mijini walikuwako wengi duniani wasioandika nahau ya lugha ya jirani yao. Jambo ambalo Ibn Khaldun hakulipa haki yake ni kwamba Kiarabu kilimtaka mgeni kwa lazima, kwani kila aliyesilimu kutoka Samarkandi hadi Fesi alipaswa kusali kwa lugha hiyo, na pia kilimruhusu mgeni kwa hiari, kwani aliyekijua kwa nahau aliweza kuwa hakimu juu ya aliyekijua kwa kuzaliwa. Lugha chache zimewahi kumpa mgeni daraja hiyo. Hata hivyo nisije nikavuka mpaka upande wa pili, nikasahau kuwa al-Khalil alikuwa Mwarabu halisi, na mwanahau Abu Amr bin al-Ala wa kabila la Tamim kadhalika, na kwamba bila ya mabedui, wengi wao wasiojua kusoma, walioketi saa nyingi wakiulizwa maneno ya ngamia na malisho, hao Waajemi wangekuwa na kanuni zisizo na kitu cha kuzikanunia.

Baada ya Basra mambo yanakwenda kwa upana zaidi. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa nathari ya Kiarabu, naye ni mtu wa Basra, na yasemekana babu yake alikuwa mweusi mwongoza ngamia. Miongoni mwa risala zake imo moja ya kuwatetea watu weusi kwa fahari zao, Wazanji wakiwamo. Baghdad ya karne ya 9 ilimpata Hunayn bin Ishaq, Mkristo wa al-Hira, ambaye alijua Kisiria, Kiyunani na Kiarabu, na aliyeacha risala ya kueleza vitabu 129 vya tabibu Galen, kipi kimetafsiriwa, na nani, na kwa ubora gani, pamoja na kukiri waziwazi kwamba tarjuma zake za ujanani hazikuwa nzuri akazirudia. Kwa ajili ya kitabu kimoja tu cha Galen juu ya burhani alizunguka al-Jazira, Shamu, Filastini na Misri mpaka Aleksandria, asipate ila karibu nusu yake, Dameski. Sifa ya Kiarabu kuwa lugha ya tiba, ya falaki na ya jabari imesimama juu ya watu wa namna hii. Al-Biruni wa Khwarizm, aliyeandika katika karne ya 11, alisema kwa maana kwamba ni heri kwake kutukanwa kwa Kiarabu kuliko kusifiwa kwa Kiajemi, naye hiki wala kile hakikuwa lugha ya mama yake. Na huko Misri, Musa bin Maymun, aliye mkubwa wa maulamaa wa Kiyahudi, aliandika kitabu chake cha falsafa kwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, mfano ambao watu wetu, waliokiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, hawatauona kuwa kioja.

Nimefika kwetu, na nitakaa kidogo. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, umo mwandiko wa kufi wenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi, uliochongwa kwa ustadi ambao mtu yeyote wa Ghuba angejivunia. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alisema juu ya sultani wa Mogadishu kwamba huyo husema kwa lugha ya mji wake lakini Kiarabu anakijua, na maneno hayo machache yaeleza hali yetu kwa karne nyingi zilizofuata: Kiarabu hakikuja kuiondoa lugha ya nyumbani, kilikuja kukaa msikitini, mahakamani, na katika hesabu za majahazi. Tarehe ya Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu. Sayyid Barghash alipoleta matbaa Unguja, kitabu kikubwa kilichopigwa chapa humo miaka ya 1880 kilikuwa Qamus ash-Sharia, kitabu cha fikihi ya Kiibadhi chenye majuzuu mengi, na sehemu zake zikasafirishwa kurudi Omani, kwa hiyo mji wetu ukawapelekea Waarabu vitabu vya Kiarabu.

Na kijana wa Lamu, au wa Siyu, au wa Ng'ambo, alianzia wapi? Alianzia al-Ajurrumiyya, kijitabu ambacho akili yenye kumbukumbu nzuri yaweza kukihifadhi kwa siku chache. Mwandishi wake, Ibn Ajurrum, alifariki Fesi mwaka 1323, naye alikuwa Mberberi wa Sanhaja, watu ambao lugha yao ina undugu wa mbali tu na Kiarabu. Kitabu hicho kilichapishwa Roma mwaka 1592, katika matbaa ya ukoo wa Medici, kwa ajili ya Wazungu waliotaka kukijua Kiarabu. Na karne tatu baadaye vijana wa pwani walikuwa bado wakikipandisha na kukishusha kwa sauti katika darasa za misikiti. Aliyekimaliza alipanda mpaka Alfiyya ya Ibn Malik, mtu wa Andalusi aliyehamia Dameski. Hivyo basi mwalimu wa kwanza wa Mswahili katika Kiarabu alikuwa Mwafrika wa Maghribi, na wa pili Mwandalusi, na nyuma yao Mwajemi, na mwanafunzi hakuwa na habari wala haja ya kuwa nayo, kwa kuwa wote walisema kwa sauti moja.

Yako pia maingiliano yasiyopitia kitabuni. Askari wa Sudani waliokuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, walipokatiwa njia na vita vya Mahdi kisha wakaandikishwa na afisa Mwingereza Lugard mwaka 1891 kando ya Ziwa Albert, walikuja Uganda na baadaye Kenya pamoja na wake na watoto wao, na lugha waliyoileta, Kinubi, bado husemwa Bombo na Kibera. Msamiati wake karibu wote ni wa Kiarabu, na nahau ya Sibawayhi haimo hata kidogo: hakuna irabu za mwisho, hakuna mpinduo wa mzizi. Wapo wanaokiita Kiarabu kilichoharibika. Mimi naona ni dharau isiyo na elimu, kwa kuwa ni lugha kamili yenye kanuni zake, na Kimalta, ambacho nacho ni mtoto wa Kiarabu, chaandikwa kwa herufi za Kilatini na ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, wala hapana anayekitukana kwa sababu hiyo.

Habari za karne ya 19 nitazipita mbio, maana zimeandikwa kwingi: matbaa ya Bulaq, Rifaa at-Tahtawi na safari yake ya Paris ya mwaka 1826, na wale watu wa Lebanoni waliozaliwa katika Ukristo, kina Butrus al-Bustani, mwenye kamusi ya Muhit al-Muhit, na Ahmad Faris ash-Shidyaq, waliokitengenezea Kiarabu cha zamani kauli za magazeti. Neno moja tu nitalisema juu ya kamusi. Taj al-Arus, iliyo kubwa kupita zote za wahenga, iliandikwa Kairo na Murtadha az-Zabidi, aliyefariki kwa tauni mwaka 1791, na mahali alipozaliwa ni Bilgram, katika nchi ya Hindi.

Nimesema haya yote mbele ya Chuo hiki kwa kusudi, nalo ni kudai. Katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar zimo barua nyingi za Kiarabu za zama za Masultani, na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umo mkusanyo wa miswada ya herufi za Kiarabu iliyookolewa nyumba kwa nyumba pwani nzima. Wanafunzi wetu wa tarehe huandika shahada juu ya zama hizo kwa kutegemea barua za makonsuli wa Kiingereza, kwa kuwa ndizo wawezazo kuzisoma, kisha hulalamika kwamba tarehe yetu imeandikwa na wageni. Nasema basi kwamba asipewe mtu shahada ya uzamili katika tarehe ya pwani pasipo kusoma Kiarabu kwa miaka miwili, awe Mchaga, Mluo au Mmakonde, kwa kuwa nimekwisha kuonyesha kwamba katika nyumba hii mgeni si mzigo. Kitabu cha kwanza kiwe al-Ajurrumiyya, kwa ufupi wake na kwa kuwa walimu wake bado wako, wengi wao katika misikiti iliyo karibu na hapa, nao walipwe mshahara wa mwalimu wa Chuo. Na hati ya kwanza ya kufundishia isiwe barua ya sultani, ambayo imeandikwa na karani mwenye khati nzuri, bali iwe barua ya mfanyabiashara, iliyoandikwa kwa haraka na bila nukta nyingi, kwani atakayeiweza hiyo hatashindwa na nyingine.